Tope la Kiangazi Lililomrudisha Mama Picha Mlimani

Saa nne na nusu asubuhi, boti la bati limesimama katikati ya mto. Mwendesha boti amezima injini mapema ili pangaboi lake lisivuruge maji. Mama Picha, jaketi la kuokolea limemkaba hadi kidevuni, ameegemea ubavu wa boti akiwa na chupa iliyofungwa kwenye ufito. Macho yake yako juu.

Angani hakuna kitu. Ni buluu tupu, na kunguru mmoja.

"Inapita sasa hivi," anasema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. Kisha anazamisha chupa, anaivuta, anaifunga kizibo na kuandika saa kwenye utepe uliobandikwa ubavuni.

Inayopita ni setelaiti. Iko zaidi ya kilomita mia saba juu ya kichwa chake, na kwa sekunde hizo chache inaupiga picha mto huu wote, kuanzia milimani hadi unakojimwaga. Kazi ya Mama Picha ni kuhakikisha kuwa wakati jicho lile linayatazama maji kutoka juu, kuna mkono unaoyachota kutoka chini.

"Yeye yuko kule, mimi niko hapa na chupa, tunaangalia maji yale yale dakika ile ile," anasema. "Nimeifanya kazi hii miaka mingi. Bado mwili unanisisimka."

Chupa hiyo itapelekwa kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi inayosimamia bonde la mto. Maji yatachujwa kwenye karatasi maalumu, karatasi itakaushwa ndani ya oveni, halafu itapimwa kwenye mizani iliyofunikwa kwa kioo, maana hata pumzi ya mtu huisumbua. Hapo ndipo itajulikana lita moja ya mto imebeba udongo kiasi gani.

Picha ikishafika kwenye kompyuta, kiasi hicho hulinganishwa na mwangaza wa maji ulioonwa kutoka juu. Maji safi humeza mwanga. Tope huurudisha. Kadiri mto unavyobeba udongo mwingi ndivyo unavyong'aa machoni pa setelaiti, na ukishajua mng'ao gani ni sawa na udongo kiasi gani, unaweza kuupima mto mahali ambapo hakuna mtu aliyefika na chupa.

Mama Picha hakusomea mambo haya chuoni. Kabla ya mito, alikuwa msafishaji picha katika studio ya mtaani, zama zile za filamu. Alikuwa akishinda ndani ya chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, akitikisa karatasi nyeupe ndani ya beseni la dawa na kusubiri uso wa mtu ujitokeze.

"Unaanza kuona nyusi, halafu tundu za pua, halafu mtu mzima anakutazama kutoka majini," anakumbuka. "Ukichelewa kidogo anakuwa mweusi ti. Ukiwahi, anakuwa kama mzuka. Nilijifunza kwamba kati ya nyeupe na nyeusi kuna nchi nzima."

Simu za mkononi zilipokuja na kamera zake, wateja walipungua hadi wakabaki wa paspoti, na hao nao wakaisha. Mwenye studio akageuza chumba cha giza kuwa stoo ya soda. Mama Picha akakaa nyumbani, akimshonea mumewe vifungo. Mume ni fundi cherehani, na chumba chao cha mbele ndicho karakana yake.

Ofisi ya mto ilikuwa na makabati ya picha za zamani zilizopigwa na ndege, zikiwa zimeota ukungu na kushikana. Walitafuta mtu wa kuzibandua, kuzisafisha na kuziingiza kwenye kompyuta. Ulikuwa mkataba wa miezi mitatu, kwa nusu ya malipo aliyokuwa akiyapata studio. Aliuchukua. Hakuwahi kuondoka.

Mkuu wa kitengo, mwanamume mtaratibu ambaye ofisi nzima inamwita Daktari kwa sababu ya shahada yake ya mito, ndiye aliyemvuta.

"Alikuwa ananiletea picha mbili za mto na kuniuliza kama zimelingana," anasimulia Daktari. "Mimi nilikuwa najua fizikia ya mwanga. Yeye alikuwa na macho. Nikaona afadhali tuchanganye mtaji."

Daktari alimfundisha programu za kusoma picha za setelaiti, jioni kwa jioni, kwa uvumilivu. Siku ya kwanza aliyofunguliwa picha ya mto mzima, Mama Picha alisogeza uso hadi karibu aguse kioo. Daktari alidhani hajaelewa.

"Nilikuwa naelewa," anasema. "Niliuona mto kama mshipa wa mkono. Nimezaliwa kando ya kijito kinachouingia, nimeogea humo, nimefulia humo, nimechapwa kwa sababu yake. Sikuwahi kujua una umbo. Niliona aibu kidogo, kama mtu aliyemkuta mzazi wake bila nguo."

Hicho kijito ndicho kilichomletea mtihani wa maisha yake.

Kwao ni juu, siku nzima ya safari kutoka ofisini, kwenye mlima wenye udongo mwekundu. Baba yao alipofariki, nyumba na shamba vilibaki kwa kaka yake mkubwa, ambaye kijiji kizima kinamwita Kisiki. Jina hilo alipewa utotoni, na hakufanya lolote ukubwani la kulifuta. Mama Picha aliomba naye akatiwe kipande. Kaka akamjibu mbele ya ndugu, matanga hayajaanuliwa: "Wewe ni mtu wa kwenda. Mlima ni wa wanaobaki."

Tangu hapo walikuwa wakionana mazikoni tu.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kirefu na anga lilikuwa safi, neema kubwa kwa wasomaji wa picha, kwa kuwa masika mawingu huficha kila kitu. Mto ulikuwa umetulia, rangi yake kama kioo cha chupa ya kijani. Ndipo Mama Picha alipoona mstari mwembamba, rangi ya chai ya maziwa, ukitambaa kando ya ukingo mmoja.

Vijito vidogo havionekani kwenye picha hizo. Ni vyembamba mno. Lakini kijito kikiingiza tope kwenye mto mkubwa, tope hilo halichanganyiki mara moja. Hutembea peke yake kando ya ukingo, kama mgeni asiyejua akae wapi, mpaka mto umzoee. Mama Picha alirudisha mstari huo nyuma hadi ulikoanzia, akakuta ni mlango wa kijito cha kwao.

"Nikasema labda ni ng'ombe wanaokunywa. Setelaiti ilipopita tena siku chache baadaye, mstari upo. Ilipopita mara ya tatu, umerefuka. Hakuna ng'ombe wanaokunywa namna hiyo."

Daktari alifikiri ni wachimba mchanga. Boti likapelekwa. Hapakuwa na mchimbaji, jembe wala alama ya gari. Lilirudi na chupa moja ya maji, na karatasi ya kuchujia ilipotoka kwenye oveni ilikuwa nyekundu.

"Niliujua ule wekundu," anasema Mama Picha. "Nilikwenda nao shule kwenye visigino."

Daktari aliishika karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Yeye mwenyewe anakumbuka maneno aliyosema: "Mvua hakuna, kwa hiyo si maji ya juu yanayoosha mashamba. Kuna kitu kinausukuma udongo ndani ya kijito kutoka pembeni. Mama, juu ya hicho kijito kuna nini?"

"Kuna kwetu," akamjibu.

Alipiga simu saa ile ile.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nauliza maji ya kijito. Yakoje siku hizi?"

"Maji ni maji."

"Yana tope?"

Badala ya kujibu, Kisiki akataka kujua dada yake ameyajuaje ya kijitoni akiwa mjini. Mama Picha akamweleza habari za setelaiti, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia akizama.

"Umeitamani hii ardhi kwa jicho la kawaida ukaikosa," kaka yake akasema, "sasa umeazima jicho la angani." Simu ikakatwa.

Jioni, namba ya wifi yake ikaita. Wifi alikuwa amejificha nyuma ya banda la kuku.

"Wifi, mimi hayo ya angani siyajui," alisema. "Ila mlango wa jikoni haufungiki. Mwenzangu anasema mbao imevimba. Mimi namuuliza, mbao gani inavimba kiangazi? Na ile chemchemi ya chini, tunayochota maji ya kunywa, inatoa maji mekundu. Tunayatuliza kwenye ndoo usiku kucha ndipo tunywe. Njoo, lakini usiseme nimekuita."

Mama Picha alipomsimulia Daktari asubuhi yake habari za mlango, Daktari aliacha kunywa chai. Mlango unaogoma kufungika, alimweleza, unaweza kuwa na maana moja tu nzito: nyumba inapinda, kwa sababu ardhi iliyoibeba inatembea. Wakachukua gari la ofisi wakaondoka.

Walimkuta Kisiki akikata majani ya ng'ombe. Alimkaribisha Daktari kwa heshima zote, akamletea kiti. Dada yake hakumtupia jicho. Mama Picha hakugusia shamba wala urithi. Aliomba panga tu, akasema anapanda juu kuangalia mfereji.

Mfereji huo wanakijiji waliuchimba kwa ushirika wakiwa na nia njema, ukikata ubavu wa mlima juu ya nyumba zao, ili wamwagilie mboga wakati wa ukame. Kisiki aliona si adabu mgeni kutembezwa na mwanamke kwenye ardhi yake, akawafuata, akinung'unika.

Juu kidogo ya mfereji, ndani ya nyasi ndefu, mguu wa Daktari ulitumbukia.

Mama Picha akafyeka nyasi. Ufa ulikuwa umekwenda kulia na kushoto hadi vichakani, upana wake unaweza kumeza kiatu cha mtu mzima. Hatua chache kutoka hapo, maji ya mfereji yalikuwa yakiingia ardhini kimya kimya kwenye tundu, na chini ya tundu mfereji ulikuwa mkavu.

Kisiki alichomeka ufito ndani ya ufa. Ukaingia wote. Akatafuta jiwe, akalidondosha, akatega sikio. Halafu akavua kofia.

"Nimepita pale na ng'ombe kila siku ya Mungu," Kisiki ameliambia gazeti hili. Ni mtu wa mifupa mipana, anayezungumza akitazama viganja vyake. "Nyasi zilikuwa zimeufunika. Mimi niliyekuwa naukanyaga sikuuona, ukaonwa na kitu kisichokuwa na miguu."

Mama Picha humsahihisha kila akisema hivyo. Setelaiti haikuona ufa, anasema. Iliona tope mtoni, na watu wakafuata tope nyumbani kwake.

Wifi naye ana lake. "Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu ungeuziba na nini? Ulikuwa unahitaji mlima mwingine."

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Mfereji ukafungwa. Daktari alieleza kwamba maji yaliyozama kwa miezi yote ile yamelainisha udongo ndani kwa ndani, na kwamba ubavu wa mlima unateleza polepole na kuusukuma udongo wa chini kijitoni. Mvua ikinyesha, hakuna ajuaye. Kaya za chini ya ufa zikahamia kwa jamaa na kwenye madarasa ya shule ng'ambo ya bonde.

Kabla ya kuondoka, Daktari alipigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, akafunga kamba kati yao. Mtu alitakiwa kuipima kila asubuhi aone ufa umepanuka kiasi gani, na kupeleka habari. Watu walitazamana. Kisiki akainua mkono.

"Sikuamini macho yangu," anasema Mama Picha. "Mpaka leo sijui kama alijitolea kwa kuamini au alitaka kunikamata uongo."

Kila asubuhi ujumbe ulikuwa ukiingia kwenye simu yake, mfupi kama wa mtu anayelipia kila herufi: *Hakuna.* Kesho yake: *Hakuna.* Siku nyingine: *Kidole.*

Mvua zilichelewa. Watu waliolala madarasani walianza kuchoka. Maboga yalikuwa yanaiva mlimani bila mwenyewe, na mwizi hana habari na setelaiti. Maneno yakazuka kwamba Mama Picha alizoea kusafisha picha za watu na sasa anasafisha za mlima, anaweka na kovu pasipo kovu. Kaya moja ikarudi, kisha ya pili. Aliyetangulia alikuwa mjane mzee, jirani yao wa tangu utoto, aliyesema hawezi kufa ugenini akiwa na nyumba yake.

Mjini, Mama Picha hakuwa na raha. Mumewe anasimulia kwamba siku hizo mkewe alikuwa akiweka sukari kwenye mchuzi. "Nikamwambia, mke wangu, unaiona dunia nzima kutoka juu lakini kopo la chumvi lililo mbele yako hulioni. Kwa kawaida angecheka."

Hofu yake ilikuwa na ncha mbili. Aliogopa mlima usije ukaanguka. Na pale usiku ulipokuwa mrefu, aliogopa pia usipoanguka, kwa sababu hakuna ambaye angemsikiliza tena siku nyingine, kwenye kijito kingine.

Halafu mvua ikaja, ikanyesha mfululizo. Ujumbe wa asubuhi ukasema *Kiganja.* Mchana, simu yenyewe ikaita. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kaka yake kumpigia tangu msiba wa baba.

"Mdogo wangu," Kisiki alisema, akihema. "Vigingi nakiona kimoja. Cha chini kimekwenda na kamba."

"Kaka, toka hapo."

"Natoka."

Hakutoka kama alivyoahidi. Aliteremka hadi kwenye kaya zilizorudi, akigonga sufuria aliyoikuta uani kwa mtu. Wa kwanza waliondoka wakikimbia. Mjane akagoma, akasema hatoki bila kuku wake. Kisiki hakuwa na muda wa kujadiliana. Alikamata tetea aliyekuwa mlangoni, akampakatisha bibi kifuani, kisha akambeba bibi mgongoni. Wakateremka hivyo, watatu, hadi kwenye daraja la magogo na kuvuka ng'ambo, kuku akipiga kelele njia nzima.

Wifi alikuwa amesimama nje ya darasa akiwatazama. Nyuma yao, anasema, miti ya juu ilianza kuinamiana, kama watu wanaonong'onezana.

"Nilidhani mlima ukianguka utapasuka kama bomu. Haukufanya hivyo. Ulikaa tu. Kama mtu aliyesimama miaka mingi, akachoka, akaamua kukaa. Tena ulikaa polepole, unaona paa lako linasafiri bado liko zima, mti wa ua umesimama wima unatembea. Kelele zilikuja baadaye, kutoka chini ya miguu. Watu hatukulia wala kupiga mayowe. Tulitazama. Unajua ukiona kitu kikubwa kuliko wewe namna ile, hata hofu inakaa kando ikupishe."

Hakuna aliyekufa. Nyumba ya baba ilikwenda, na zizi, na ng'ombe wawili, na kaburi la baba yao lililokuwa nyuma ya jiko.

"Baba amezikwa mara mbili," anasema Kisiki.

Mama Picha alikuwa amekwisha kupiga simu mtambo wa maji wa mji ulioko upande wa chini wa mto, wakajaza matangi na kufunga milango yao kabla tope halijafika. Kisha akasubiri. Setelaiti ilipita, ikaleta mawingu. Ikapita tena, mawingu. Alikuwa anajua kilichotokea, ndugu zake wote walikwisha kumsimulia, lakini alikuwa bado hajakiona.

Anga lilipofunguka asubuhi moja, alifungua picha akiwa na Daktari nyuma ya kiti chake. Mto wote ulikuwa mwekundu, kutoka mlango wa kijito hadi ukingo wa picha, ukimeremeta kama shaba. Alipanda nao hadi mlimani. Pale palipokuwa na kijani, palikuwa na umbo la ulimi.

Aliikuza picha kutafuta nyumbani. Ikawa vijimraba. Akaikuza zaidi. Vijimraba vikawa vikubwa, vyekundu, havina kitu.

"Studio nilizoea picha inatokea kidogo kidogo ndani ya maji," anasema. "Siku ile niliona utoto wangu umerudi kuwa karatasi tupu. Na bado, mwandishi, nikwambie ukweli, ilikuwa nzuri. Ule ulimi, ule mto uliowaka. Nililia na nikawa sitaki kufumba macho. Daktari aliniachia leso yake akatoka nje, akafunga mlango taratibu."

Kisiki na familia yake walikuja kukaa kwa Mama Picha. Walilala kwenye chumba cha cherehani, katikati ya marobota ya vitambaa, na watoto waliamka na nyuzi kwenye nywele. Usiku wa kwanza, sahani zikiwa mezani, Kisiki alisafisha koo.

"Mdogo wangu, lile neno nililolisema kwenye msiba."

"Kula, kaka," dada akasema. "Chakula kinapoa."

Akala. Wifi anasema hilo ndilo lililokuwa suluhu yao, na kwamba watu wa ukoo ule wangeweza kumaliza vita vya dunia kwa namna hiyo, mradi kuwe na mchuzi.

Leo kaya zile zimejenga ng'ambo ya bonde, kwenye mwamba. Mfereji mpya unapita mbali na ubavu, ndani ya bomba. Kisiki ndiye anayechota maji kwenye mlango wa kijito siku setelaiti inapopita, na chupa zake huletwa ofisini na gari la maziwa. Hagombani tena na dada yake kuhusu ardhi. Wanagombana kuhusu saa, kwa kuwa Kisiki huchota mapema, akidai kitu cha angani kinaweza kuwahi.

Kazi ya Mama Picha bado ni ya mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kila mwisho wa mwaka humkuta akisubiri kuitwa. Lakini sasa anafuatilia vijito vingine vyote vinavyoingia mtoni, na viwili kati ya hivyo vimetumiwa wataalamu kwenda kutazama mabonde yao. Kimoja walikuta ni ng'ombe kweli. Hakuona haya kucheka.

Na kipande chake cha mlima amekipata. Kisiki alimkatia mwenyewe, mbele ya mwenyekiti, katikati kabisa ya ule ulimi mwekundu.

"Baada ya mlima kuanguka ndipo nikarithi," anasema, akitikisa kichwa. "Nimepewa kovu."

Analipanda mimea. Kila likizo huenda huko na wifi yake, wakipanga mistari ya nyasi zenye mizizi mirefu kukingama na mteremko, na miche ya miti ya asili kati ya mistari. Miche mingine hufa. Wanarudia. Kwenye picha za karibuni, ukingo mmoja wa kovu umeanza kupoteza wekundu wake, kwa rangi hafifu kiasi kwamba Daktari bado anasema haoni kitu. Mama Picha anasema atamsubiri.

Anaikuza picha hadi kwenye kipande chake na kuweka kidole kwenye kioo.

"Watu huniuliza nataka nini kwenye kazi hii," anasema. "Nataka siku moja, hata kama nitakuwa nimestaafu na nimekuja kuomba tu kutazama, nifungue picha ya mto wote, nitafute nyumbani kwetu, nitafute, nitafute, nisipaone."